Faida Ipo Kwenye Daftari, Pesa Iko Wapi?

"Dada, unaniambia mwezi huu duka limepata faida milioni sita. Haya, nionyeshe zilipo."

Mzee alikuwa ameshaivuta droo ya kaunta mpaka mwisho, ili na mimi nione. Mlikuwa na noti zilizofungwa kwa rababendi, kalamu mbili na ufunguo wa kufuli. Tulizihesabu pamoja, tukajumlisha salio la benki na la simu: shilingi 950,000. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na hofu kwamba kuna mtu anamwibia, na kwa kuwa habari ya faida niliileta mimi, nadhani kwa dakika chache mtu huyo nilikuwa mimi. Nikavuta ndoo ya rangi, nikakaa, nikafungua kaunta buku.

Natunza vitabu vya hesabu vya maduka kadhaa hapa Dar es Salaam, na swali hilo naliulizwa kila duka, kwa maneno tofauti. Ni swali la haki kabisa. Nitalijibu kwa namba za duka lile la vifaa vya ujenzi, ambazo nimezisawazisha kidogo ili zifuatike. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nimeiweka pembeni kwanza. Nitairudia, maana ina vituko vyake.

Mwezi ule duka liliuza mzigo wa shilingi milioni 30. Mzigo huohuo ulikuwa umenunuliwa kwa milioni 22, kwa hiyo hapo pana milioni 8. Matumizi ya mwezi yalikuwa milioni 2: pango laki sita, mishahara ya vijana watatu laki tisa, na laki tano za umeme, usafiri, riba na vikorokoro vingine. Faida, milioni 6.

Sasa tuifuate pesa. Mwezi ulianza na milioni 3. Katika yale mauzo ya milioni 30, zilizolipwa taslimu ni milioni 21. Milioni 9 mafundi na wenye nyumba wanaojenga walichukua kwa mkopo. Wadaiwa wa nyuma walileta milioni 2. Zilizoingia ni milioni 23. Zilizotoka? Mfanyabiashara wa jumla alipewa 18,500,000. Mwenye fremu alitaka pango la miezi sita kwa mpigo, 3,600,000. Mishahara 900,000. Matumizi mengine yaliyolipwa 350,000. Mzee mwenyewe alichukua 1,200,000 ada ya watoto, na rejesho la mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, likala 500,000. Jumla 25,050,000. Chukua milioni 3, ongeza 23, toa hizo. Zinabaki 950,000.

Droo ilikuwa inasema kweli, na daftari lilikuwa linasema kweli. Yalikuwa yanajibu maswali mawili tofauti.

Faida huhesabiwa siku mzigo unapotoka dukani kwenda kwa mteja, hata kama mteja atalipa baada ya mavuno. Pesa huhesabiwa siku inapotua mkononi. Kati ya siku hizo mbili kuna pengo, na mfanyabiashara anaishi humo ndani ya pengo.

Tulizunguka dukani kutafuta zile milioni. Wadaiwa: walikopa 9, wakalipa 2, kwa hiyo milioni 7 zilikuwa kwenye kuta za watu huko Chanika na Kivule. Mzigo: duka lilinunua vitu vya milioni 27 na kutoa vya milioni 22, maana yake milioni 5 zilikuwa zimeegeshwa ukutani. Nilimwonyesha kwa kidole rundo la mabati ya kijani ya geji 30 aliyoyanunua kwa wingi kwa sababu bei ilishuka. Pango: katika ile 3,600,000, laki sita tu ndiyo gharama ya mwezi ule, milioni 3 ni miezi mitano ambayo bado hajaikaa. Ada 1,200,000. Hiyo daftari haliiiti gharama ya duka hata siku moja, kwa sababu duka halina watoto. Inaandikwa kuwa mwenye mali amechukua mali yake. Na ile 500,000 ya VICOBA ilikuwa ni kurudisha pesa ya watu, na kurudisha ulichoazima hakupunguzi faida, hupunguza deni. Gharama ni riba peke yake.

Jumlisha: 16,700,000 zimefungwa au zimeondoka bila kuigusa faida. Duka lenye faida ya 6 na akiba ya 3 limewezaje kumeza 16,700,000 na droo ikabaki na kitu? Limewezeshwa na mali kauli. Duka lilikuwa linadaiwa 8,650,000 zaidi ya mwezi uliotangulia, karibu zote za yule wa jumla wa Kariakoo aliyetoa mzigo kwa neno la mdomo, ulipwe ukiuzwa. Weka 6, weka 3, weka 8,650,000, toa 16,700,000. Unarudi palepale kwenye 950,000.

Mzee alinyamaza muda mrefu akiyatazama mabati.

Kila shilingi ina mlango wa kuingilia na wa kutokea

Hesabu ya namna hiyo inawezekana kwa sababu kila tukio tunaliandika mara mbili: ilikotoka thamani na ilikokwenda. Ukinunua saruji kwa pesa taslimu, pesa imepungua na mzigo umeongezeka. Ukimkopesha fundi nondo, mzigo umepungua na deni la fundi limeongezeka. Upande mmoja tunauita debiti, wa pili krediti, na jumla zake lazima zilingane.

Utaratibu huu ni wa zamani. Mtawa Mwitalia, Luca Pacioli, aliueleza katika kitabu chake cha hisabati kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wala hakuubuni. Aliandika yale ambayo wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiyafanya tayari. Ukitazama programu ya hesabu kwenye kompyuta leo, chini ya vitufe vyake vya rangi utakuta mambo yaleyale.

Kinachowachanganya watu ni maneno. Ukiweka laki moja benki, wanakuandikia kwamba akaunti yako imekreditiwa, na mtu anatoka hapo akiamini krediti ni kuongezeka na debiti ni kukatwa. Halafu anafungua daftari langu, anakuta laki ileile nimeiandika debiti kwenye akaunti ya benki. Anadhani nimekosea. Hakuna aliyekosea: benki inasimulia kutoka dirishani kwake. Laki uliyoweka ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe, na deni mtu analodaiwa hukaa krediti. Kwako wewe laki hiyo ni mali, na mali hukaa debiti. Ni kama watu wawili waliosimama wakitazamana. Mkono wa kulia wa mmoja uko upande wa kushoto wa mwenzake. Kwa uzoefu wangu, mtu akilishika hili moja, mengine yote ya vitabu anayapata kwa wiki.

Kuanzia boksi la maji

Watu hufikiri kutunza vitabu ni kazi ya namba. Sehemu kubwa ya siku yangu ni kazi ya karatasi na ya kuuliza watu maswali wasiyoyapenda.

Asubuhi nafika duka la kwanza, naletewa boksi la maji ya chupa lililojaa risiti. Humo kuna risiti za EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, stakabadhi za kuandikwa kwa mkono, vipande vya gunia vyenye namba za simu, na mara moja nilikuta kadi ya kliniki ya mtoto. Kazi ya kwanza ni kutenganisha, na ya pili ni kupiga kopi. Risiti za EFD zimechapwa kwenye karatasi inayofanya kazi kwa joto. Iache miezi michache kwenye droo iliyo karibu na bati la Dar es Salaam, maandishi yanafifia mpaka unabaki na kikaratasi cheupe. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Kwa hiyo napiga kopi, napiga na picha kwa simu, kisha risiti yenyewe naibana nyuma ya kopi yake hata kama haisomeki tena.

Baada ya karatasi zinakuja simu. Siku hizi nusu ya mauzo hulipwa kwa simu, na duka lenye lipa namba yake hunipunguzia kazi kweli. Lakini fundi mwenye haraka humtumia bosi kwenye namba yake binafsi, na bosi kwenye salio hilohilo analipa luku ya nyumbani, anamtumia mama kijijini, ananunua vocha. Mwisho wa mwezi naketi na taarifa ya miamala, mstari kwa mstari: "Mzee, hii 85,000 ya tarehe 11 ni ya nini?" Anakumbuka au hakumbuki. Asipokumbuka naiandika kuwa ameichukua yeye. Makato ya kutuma na kutoa nayo ni mstari wake. Mtu huyaona madogo mpaka uyajumlishe kwa mwaka mbele yake.

Vijana wa dukani hawanipendi sana. Wanaona mimi ni mtu wa bosi, nimekuja kupekua. Siwalaumu, siku ya kuhesabu mzigo ndiyo wanayosumbuliwa wao, kupima misumari kwa kilo, kuhesabu mifuko ya saruji na kuitenga iliyopasuka au kuganda kwa unyevu. Nimejifunza kufika na chapati.

Kisha kuna siku ambazo hesabu hazibalansi. Hapa pana ufundi kidogo wa wazee wa kazi ambao sijui kama vyuoni bado wanaufundisha. Ukiona pande mbili zimepishana, igawe tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, kuna uwezekano umegeuza tarakimu. Jioni moja nilikuwa nimepishana 27,000. Ukigawa kwa 9 unapata 3,000 kamili. Nikaacha kutafuta muamala wa 27,000, nikaanza kutafuta namba yenye tarakimu zilizopishana kwa tatu, nikaikuta: 63,500 kwenye risiti, 36,500 kwenye leja. Isipogawanyika kwa 9, igawe kwa 2. Huenda kitu cha nusu ya tofauti hiyo kimeandikwa upande usio wake. Bila hila hizi mtu unaweza kulala dukani.

Ila hesabu kubalansi si ushahidi kwamba ni za kweli. Ukisahau risiti nzima, pande zote mbili zimeisahau, zinalingana vizuri tu. Ndiyo maana nalinganisha daftari na taarifa ya benki, na ya benki na ya simu, na mzigo wa kwenye karatasi na mzigo wa kwenye rafu.

Tarehe 7 na tarehe 20

Mwezi wa mtunza hesabu Tanzania una nguzo mbili. Tarehe 7 ni kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, PAYE. Wale vijana watatu wa mzee wanapata laki tatu kila mmoja. Ukitoa mchango wao wa 10% kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mmoja anabaki na 270,000, na hapo ndipo mpaka ambao ukiuvuka PAYE inaanza. Hawakatwi hata senti, lakini bado wanatakiwa waonekane kwenye ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi. Bosi huwa hanielewi hapo: unahangaika siku nzima kuiambia serikali sifuri?

Tarehe 20 ndiyo ya VAT, na hapo simu yangu haizimwi.

VAT ya kiwango cha kawaida ni 18%. Ukiuza kitu kwa 118,000, chako ni 100,000. Ile 18,000 ni ya serikali, umeishika tu mkononi. Kama kitu hicho ulikinunua kwa 94,400, ndani yake ulishalipa VAT ya 14,400. Unatoa hiyo kwenye 18,000, unapeleka TRA, mamlaka ya mapato, 3,600. Mfumo mzuri, kwa sharti kwamba una risiti halali ya manunuzi yenye jina lako na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Huna risiti? Unapeleka 18,000 nzima, na faida uliyodhani unayo imeyeyuka.

Hapo ndipo kunapouma. Kuna wa jumla anayekuuzia mzigo wa milioni 5 na kukupa risiti ya milioni 2, akisema ukitaka risiti kamili bei inapanda. Mfanyabiashara mdogo anakubali kwa sababu bei ndiyo inayomuuzia. Anakuja kwangu na milioni 3 ambazo hazina karatasi. Kwa macho ya kodi milioni hizo hazikutumika. Ni faida, na faida inalipiwa. Nimeona mtu akikadiriwa kodi ya faida ambayo hakuipata, nikashindwa kumsaidia kwa sababu uthibitisho wake ulikuwa mdomoni mwa mtu mwingine. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa siku kadhaa, malalamiko yalihusu ukaguzi wa kodi na agizo la kusajili stoo. Lakini ukiwa nyuma ya kaunta unajua kwamba tatizo la risiti huanzia juu ya mnyororo, na wa mwisho ndiye anayebaki nalo.

Kituko cha pili cha VAT kinarudi kwenye droo ya mzee. Kodi hii haisubiri ulipwe. Ukishatoa mzigo na risiti, inadaiwa. Ile milioni 9 aliyowakopesha mafundi ilibeba VAT ya 1,620,000. Mafundi hawajaleta hata mia, lakini hesabu yake inaingia kwenye ritani ya tarehe 20. Mzee anawakopesha mafundi saruji, na juu yake anawakopesha kodi. Nilipomwambia hivyo ndipo alipopata hasira kwa mara ya kwanza siku ile.

Vitabu viwili

Lipo ombi moja ambalo kila mtunza hesabu atalisikia mapema au baadaye, kwa kawaida jioni, vijana wakishaondoka: "Dada, nitengenezee na hesabu nyingine." Ya kwanza ya TRA, faida iwe ndogo. Ya pili ya benki, faida iwe kubwa, anataka mkopo. Sitadai kwamba ni ombi la watu wabaya. Wengi ni watu wanaoogopa, na wanaamini majirani zao wote wanafanya hivyo. Mimi hukataa kwa sababu ya kawaida kabisa: daftari la uongo halikumbukiki. La kweli nikiulizwa baada ya miaka miwili naifuata risiti. La uongo itabidi nikumbuke nilidanganya vipi. Kuna duka nililopoteza kwa kukataa. Nilikuwa nalihitaji.

Watu hutuchanganya pia na wengine wa ukoo huu. Mtunza vitabu anaandika yaliyotokea. Mhasibu anayafunga, anayatafsiri na kuandaa taarifa. Mkaguzi anakuja kutoka nje kuangalia kama taarifa hiyo ni ya haki. Hapa nchini wahasibu na wakaguzi wako chini ya NBAA, bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mwenye CPA, sifa ya juu ya uhasibu, aliyesajiliwa na bodi hiyo kutoa huduma kwa umma ndiye anayeweza kupiga muhuri pale hesabu zinapotakiwa kuthibitishwa. Mimi nina stashahada, sina muhuri. Kila mwaka namkabidhi mwenye muhuri faili langu, yeye anauliza maswali kwa siku mbili, analipwa kwa siku hizo zaidi ya ninavyolipwa kwa miezi. Nimeshaanza mitihani ya bodi.

Pale dukani tulimaliza saa mbili usiku. Mzee aliamua mambo matatu: mkopo kwa mafundi usizidi milioni 4 kwa mwezi, mabati ya kijani yauzwe kwa bei ya kununulia ili pesa itoke ukutani, na ada ya watoto itoke kwenye kiasi atakachojipangia kila mwezi. La tatu nilimwona anasita. Akageuza ukurasa wa madeni, akaweka kidole kwenye 8,650,000.

"Huyu wa Kariakoo namdai au ananidai?"

"Anakudai, mzee. 8,500,000."

"Na hii 150,000 iliyozidi ni ya nani?"

"Ni yangu," nikamwambia. "Ya mwezi huu."

Akavuta droo tena, akafungua rababendi.